Mzee aliita jina lisilokuwa kwenye skripti, filamu yetu ikapata tuzo

Wakuu, salaam kutoka Kampala.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Atakayesema hii ni chai, aje na andazi lake, mimi sina cha kuongeza.

Bado niko shule. Tunakaa kota za polisi, Nsambya. Mzee ni askari, Mkatoliki wa kaskazini. Mama ni Mwislamu. Kiswahili changu ni cha kambini, mnivumilie hivyo hivyo.

Kwetu kuna majina ambayo hayachaguliwi. Mapacha wa kike ni Apiyo na Acen, na mtoto wa kiume akiwafuata anaitwa Okello. Okello ndiye mimi. Yaani ukiniita tu, umeshakiri kwamba wale wawili wapo.

Sasa dada Acen akaolewa na Mkenya mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki Kawempe, hapa hapa mjini, bila kuleta wazee nyumbani.

Mzee hakufoka. Aliacha tu kulitaja jina lake. Akiulizwa watoto, anamtaja Apiyo halafu anarukia kwangu. Mama akitaka kuongea na Acen anaingia na simu bafuni, anafungulia maji. Majirani walidhani sisi ni familia ya watu wasafi sana.

Klabu yetu ya filamu ikasikia kuna mashindano ya shule. Nikaandika skripti.

Kuna nyumba ambayo mtoto asipotajwa jina anaanza kupotea. Vinatangulia viatu, kinafuata kivuli, mwisho mezani inabaki sahani tu na chakula kinapungua chenyewe. Baba akiliita jina lake, anarudi. Mtoto nikampa jina la Sanyu. Nilitaka kumchora mzee bila kula fimbo.

Direkta alikuwa Brenda wa darasani kwetu, mkali kuliko koplo. Mtoto tulimpoteza kwa kumfunika shuka la kijani la mama, simu ikafuta kila cha kijani. Shuka lilikuwa fupi, mguu mmoja ukagoma kupotea. Tukauacha.

Wa kuigiza baba alikuwa jamaa mmoja aliyepata kazi hiyo kwa sababu ya ndevu. Siku ya kurekodi onyesho la mwisho, tukiwa sebuleni kwetu, alilia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua.

Mzee alikuwa anapaka rangi buti zake mlangoni, anajiandaa kwenda zamu. Akavumilia. Akashindwa.

"Baba hapana lia namna hii," akasema. "Toka hapo."

Akakaa yeye. Brenda akamweleza: mtazame mtoto asiyeonekana, kisha mwite Sanyu, umwambie aje ale. Mzee akaitika kwa kichwa kama anapewa amri.

Kamera ikawashwa. Akakitazama kile kiti kitupu mpaka nikadhani amelala macho wazi. Halafu akasema polepole:

"Acen. Kuja kula."

Mama alikuwa ametushikia tochi. Mwanga ukashuka ukutani, ukaishia sakafuni.

Brenda akaomba arudie, jina ni Sanyu. Mzee akachukua kofia yake. "Mimi nimemaliza," akasema, akaenda zamu.

Brenda alitaka tuweke sauti ya mtu mwingine pale. Filamu nzima mtoto ni Sanyu, huyu Acen ametoka wapi? Wakuu, mimi hufanyia mzaha hata misiba. Siku hiyo nilimwambia tu aache vile ilivyo. Akaniangalia, akaacha.

Nikampigia Acen, nikampa siku na ukumbi. Sikumwambia kuna nini.

Siku yenyewe mzee akaja na koti la kanisani, akakaa na mama. Acen na mumewe wakakaa safu ya mbele yao bila kujua. Mimi nilikuwa pembeni na wenzangu, namchunga kwa macho, maana mzee akiamka akaondoka pale, basi tena.

Ilipofika "Acen. Kuja kula", dada aligeuka. Wakaangaliana. Mzee akarudisha macho kwenye skrini kama yuko gwaride.

Tuzo ya filamu bora ilienda kwa shule nyingine, filamu yao ilikuwa na joka. Sisi tukapata tuzo ya hadithi. Jaji akasema mwandishi ametumia akili sana kumfanya baba aite jina jingine, kuonyesha kila nyumba ina mtu anayekosekana. Akausifu na ule mguu. Mimi nikaitikia kama nilipanga.

Brenda akamsukuma mzee apokee kombe. Akapiga saluti, akashuka. Hakufika safu yake, akasimama mbele ya Acen. Yule Mkenya akasimama wima kama kurutu.

"Acen, shika hii. Mimi nafunga kamba ya kiatu."

"Lete, Baba."

Akainama chini muda mrefu. Viatu vya mzee vya kanisani havina kamba.

Kombe likaondoka na Acen kwenda Kawempe. Mzee anasema ni mali ya shule, lazima lirudishwe, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa anaenda kulidai. Anakula, anarudi mikono mitupu. Mama siku hizi anaongelea simu sebuleni.

Nilichojifunza: ukiandika kitu cha kumcheka mzee wako, usimwachie kiti. Atakaa, na atakushinda kwa neno moja.

Haya, kwenu nani hatajwi? Mwandikeni hapo chini, jina lake likiwemo.