Ndiyo Tatu za Verlyn Dykhuis

Verlyn Dykhuis wa Middelveld, jimboni Iowa, alikuwa na miaka sitini na miwili, nguruwe mia nane, na ugonjwa mmoja ambao daktari wa mji hakuwa na dawa yake: hakujua kusema hapana. Ukimwomba trekta, chukua. Ukimwomba aimbe besi kwenye kwaya ya Pasaka, ataimba, ingawa sauti yake ilikuwa inawafukuza paka ghalani. Wauza bima walikuwa wakielekezana nyumba yake.

Mkewe, Arlys, alikuwa ameumbwa kwa udongo mwingine. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, nenda zako. Kwa sababu hiyo Warepublikan wa kata yao walikuwa wamemweka mwenyekiti wa mkutano wa mchujo mara saba mfululizo, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama kura zimehesabiwa sawasawa. Verlyn alimpenda mwanamke huyu kupita kiasi, na alimwogopa kiasi cha kutosha. Kilichomtisha hasa hakikuwa ukali wake. Alikuwa na hofu kwamba siku moja Arlys ataikagua ndiyo ya mumewe na kukuta ndani hamna kitu.

Sasa, anayeutaka urais wa nchi ile huanzia Iowa, na tena huanzia Januari, wakati hata nguruwe wanagoma kutoka bandani. Kila baada ya miaka minne wanamiminika na buti mpya zisizojua kinyesi, wanakushika mkono kwa mikono miwili, wanakusifia mahindi yaliyokwisha kuvunwa tangu Oktoba. Watu wa Middelveld si wepesi wa kudanganyika. Ni watu wa kanisani mara mbili kila Jumapili. Wanataka kodi ndogo, serikali inayokaa mbali, watoto walindwe tangu tumboni, na bunduki ya kuwindia isiguswe. Shida ni kwamba wagombea wote huyasema hayo hayo, kwa mpangilio ule ule, kana kwamba walinyweshwa chupa moja. Basi utamchaguaje mtu?

Kwa mambo madogo, ndivyo. Akiombewa chakula, anafumba macho au anachungulia kama kamera imewaka? Anajua nguruwe jike mwenye mimba hapigwi picha akikumbatiwa? Na kubwa kuliko yote, peremende. Kanisani kwao, mhubiri akifungua tu hoja ya kwanza, peremende nyeupe hupita kwenye benchi kutoka mkono hadi mkono, na mtu aliyelelewa vizuri huinyonya polepole mpaka hoja ya pili. Anayeitafuna kwa meno, krachu, huyo hakabidhiwi mabomu ya nyuklia.

Kosa halikuanzia kwa Verlyn, lilianzia kwenye gazeti. Mwandishi mmoja kutoka Des Moines aliandika kwamba mara tano mfululizo aliyeungwa mkono na Verlyn Dykhuis ndiye aliyeshinda Middelveld. Kuanzia siku hiyo simu ya jikoni haikupoa, na majira ya mpukutiko wagombea wakaanza kuja wenyewe. Walikuja siku ambazo Arlys alikuwa kazini maktaba ya mji, akipiga muhuri vitabu na kuwanyamazisha watu wazima.

Wa kwanza alikuwa Gavana Ridenour, mtu wa kusini mwenye sauti ya asali. Alikula vipande viwili vya pai ya tufaha ya Arlys, akaosha sahani mwenyewe, akaipangusa, kisha akatoa mfukoni kadi ndogo. "Mzee wangu, weka sahihi yako hapa tu, kwamba uko nami."

Ungemwambia nini mtu aliyekuoshea sahani? Verlyn akatia sahihi.

Wa pili, Seneta Abernathy, alikuja wakati wa kuzalisha. Alivua koti la bei mbaya, akakunja mikono ya shati, akamvuta mwananguruwe aliyekwama, akamlaza kwenye majani akicheka. Naye alikuwa na kadi. Wa tatu, mbunge mmoja aitwaye Whitlock, aliyewahi kuwa mhubiri, hakufanya lolote la maana. Alikaa jikoni akalia. Alilia kwa ajili ya taifa, kamasi zikamtoka, na Verlyn hakuwa na la kumpa isipokuwa kitambaa na sahihi.

Mgombea wa nne hakuja. Alikuwa tajiri wa pwani aliyeuza majengo, na Middelveld aliiona kutoka kwenye ndege, kama kweli alitazama chini.

Hivyo Krismasi ilimkuta Verlyn ameahidi watu watatu kura moja. Alijifariji kwamba kura ya mchujo ni karatasi ya siri, haina jina. Nani atajua? Mwongo hujifariji hivyo, na njia yake, kama mnavyojua, ni fupi.

Asubuhi ya siku ya mkutano simu ililia. Bibi mmoja wa kampeni ya gavana alisema kwa furaha, "Bwana Dykhuis, tumekuandika wewe kuwa msemaji wetu usiku wa leo. Dakika tatu tu, mbele ya majirani zako. Sawa?"

"Sawa," akasema Verlyn, na akauma ulimi.

Saa nne wakapiga watu wa seneta. Sawa. Saa sita wakapiga watu wa Whitlock, na yule mama wa upande wa pili alikuwa na mafua hata akasikika kama naye analia. Sawa, mama, sawa.

Alipokaa mezani mchana alianza kukohoa. Alikohoa kwa ustadi, akijishika kifua.

"Unaumwa?" Arlys akauliza, akiendelea kupanga karatasi za kura kwenye boksi la viatu.

"Nadhani leo nibaki. Nisije nikawaambukiza watu."

Arlys alisimama, akachemsha vitunguu na sukari kwenye sufuria, akampa vijiko vitatu vya maji yake ya moto, akasimama hapo hapo mpaka amemeza. "Umepona. Saa kumi na mbili na nusu tunaondoka."

"Arlys, kuna jambo..."

"Niambie."

Verlyn alimtazama mkewe usoni. Macho yale ya kijivu yalimwamini kabisa, na ndiyo yaliyomfunga mdomo. "Hapo kwenye boksi," akasema, "umeweka penseli za kutosha?"

Mkutano ulifanyika ukumbi wa michezo wa shule, chini ya pete za mpira wa kikapu. Watu hamsini na wanane walikuja, na baridi ilikuwa imewagandisha hata nyusi. Kulikuwa na kahawa, mikate ya nyama ya nguruwe, na maandazi ya lozi. Walikula kiapo cha bendera, mchungaji akaomba, Verlyn naye akaomba, kwa bidii kuliko mchungaji, kwamba umeme ukatike. Haukukatika.

Kila kampeni ilikuwa imeleta bahasha yenye jina la msemaji wake. Arlys alivaa miwani, akafungua ya kwanza.

"Kwa Gavana Ridenour, atasema Verlyn Dykhuis." Alitabasamu kidogo. Hakuwa ameambiwa, lakini mume kuwa na siri ndogo ya heshima si vibaya.

Verlyn alikwenda mbele na kusema ukweli. Alisema gavana ana mikono isiyoona haya kazi, alisimulia habari ya sahani, na wanawake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alipigiwa makofi, akakimbilia kiti chake.

Arlys alifungua bahasha ya pili. Alisoma kimya, akaigeuza, akasoma tena. "Kwa Seneta Abernathy, atasema... Verlyn Dykhuis."

Ukumbi ulicheka. Jirani wa Verlyn, Harlan Bleeker, mkulima wa maharage na kiongozi wa kwaya ya Pasaka, mwenye mdomo usio na breki, aliita kutoka nyuma, "Bwana wee, baki huko huko mbele! Utachakaza soli bure!"

Verlyn alisema kuhusu mwananguruwe. Alisema vizuri pia, hilo ndilo balaa, maana hakuwa akidanganya: alimpenda yule seneta, kama alivyompenda gavana. Ila safari hii hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wakimtazama mwenyekiti. Arlys hakutabasamu. Alichana bahasha ya tatu taratibu, na kabla hajaitoa karatasi, Verlyn aliona kwamba ameshajua.

"Kwa Mbunge Whitlock," akasema, sauti haikutetereka, "Verlyn Dykhuis."

Safari hii hakuna aliyecheka. Watu wa Middelveld wanaweza kusamehe ulevi, na hata kukata nyasi siku ya Sabato kama mvua inakuja, lakini ahadi ni deni, na huyu alikuwa amesimama mbele yao na madeni matatu. Verlyn aligeuka, akawapa mgongo watu wote, akasema na mwenyekiti peke yake.

"Alikaa jikoni kwetu akalia, Arlys. Ningefanyaje? Yule mwingine aliosha sahani. Yule mwingine alimtoa mwananguruwe. Mtu amekuja nyumbani kwako, amekula pai yako, halafu umwambie hapana usoni? Sikuweza. Niliwaambia ndiyo wote. Ni adabu tu. Ilikuwa... adabu."

"Muda wako umekwisha," akasema Arlys, ingawa alikuwa ametumia nusu dakika.

Harlan ndiye aliyemsemea tajiri wa pwani, na hotuba yake ilikuwa fupi. "Jamani, mtu wangu hajafika hapa. Hajala pai ya mtu. Hamjui hata mmoja wenu. Na ndiye mgombea pekee ambaye Verlyn hajamwahidi kitu, kwa hiyo pengine ana nafasi!" Ukumbi ulipasuka kwa vicheko, na kura nyingi, naapa, ziliamuliwa pale pale.

Karatasi zilikusanywa kwenye boksi la viatu. Arlys alizihesabu mbele ya wote, moja moja, kama sheria inavyotaka. Tajiri wa pwani alipata arobaini na nne. Ridenour tisa. Abernathy tano.

"Mbunge Whitlock," akasoma, "sufuri."

Ilichukua muda watu kulielewa. Kisha Harlan akageuka na kiti chake. "Verlyn! Sufuri? Hata wewe mwenyewe msemaji?"

Verlyn alitazama viatu vyake. Alikuwa amempigia yule mwosha sahani.

Arlys alichukua ufunguo wa gari mkononi mwa mumewe na kuendesha mwenyewe. Maili sita hakusema neno. Theluji ilikuwa nyeupe pande zote, barabara imenyooka, na Verlyn alitamani agombezwe, maana mke anayekugombeza angalau bado anakufanyia mahesabu ya kukusamehe. Kwenye njia panda ya mashamba ya Bleeker kuna kibao cha kusimama. Arlys alisimama. Hakukuwa na gari lingine mpaka mwisho wa macho, lakini hakuondoka.

"Miaka thelathini na sita iliyopita," akasema, akitazama mbele, "nyuma ya kanisa, mvua inanyesha. Wewe ulikuwa umenisindikiza mwaka mzima bila kusema kitu. Nilichoka kungoja. Mimi ndiye niliyeuliza kama tuoane."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nimelowa. Nilikuwa nimelia kidogo. Nimeshika bakuli la mama yako nililoliosha." Sauti yake, ambayo haikutetereka mbele ya watu hamsini na wanane, ilitetereka sasa. "Ukasema ndiyo. Hukufikiri hata kidogo. Verlyn, ile nayo ilikuwa adabu?"

"Hapana," akasema Verlyn.

Lilitoka kubwa, likagonga kioo cha mbele. Alishtuka mwenyewe. Arlys aligeuka akamtazama, kwa muda mrefu, kama mtu anayesikia mashine iliyokufa zamani ikinguruma ghalani.

"Sema tena."

"Hapana. Hapana, Arlys. Hapana hata kidogo."

Arlys alipangusa pua kwa glavu, akaingiza gia. "Vizuri. Kesho utawapigia simu wote watatu uwaombe radhi, ukimaliza utakwenda kwa Harlan kumwambia hutaimba besi mwaka huu."

"Nitawapigia," akasema Verlyn, na baada ya kufikiri kidogo, akiwa ameshalionja lile neno hapana na kuliona tamu, "lakini kuimba, nitaimba."