Kuku Mweupe wa Watu wa Mtua

Siku yangu ya kwanza bomani Nachingwea, karani mkuu alinikabidhi kalamu, wino na onyo: "Wewe ni mkalimani. Tafsiri yaliyosemwa. Ya kwako kaa nayo." Nilitii miaka yote, Nachingwea na baadaye Ruangwa. Kutii huko kuliniletea majuto mara moja tu, na hiyo ndiyo nitakayowasimulia.

Matrekta ya mradi wa karanga yalikuwa yamefyeka hadi mashamba ya mtama ya watu wa Mtua. Mwingereza aliitawala Tanganyika chini ya uangalizi wa baraza la mataifa huko ng'ambo, na raia yeyote aliweza kuliandikia ombi, yaani barua rasmi ya malalamiko. Mzee Likwata wa Mtua akaja nimwandikie. Alitaka ardhi ya wajomba zake irudi. Alipokwisha kuweka dole gumba aliniuliza, "Karani, hao wakubwa kawaweka nani?"

"Serikali zao, mzee."

"Na mle ndani, wa kwetu nani?"

Swali lile lilinikaa kichwani kuliko barua yenyewe.

Wajumbe wa baraza walipokuja kukagua, Mzee Likwata alifika na wenzake, kuku mweupe mkononi. Kwao shauri hufunguliwa kwa kuku: mwamuzi akimpokea, amekubali kukusikiliza, akimkataa, shauri limekwisha. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Kiongozi wa wajumbe akatabasamu. "Mwambie tunashukuru, lakini haturuhusiwi kupokea zawadi."

Nikatafsiri neno kwa neno.

"Haya. Tumesikia," alisema mzee. Akamtia kuku wake kwapani, wakaondoka wote.

"Mbona wanakwenda?" mjumbe aliuliza.

"Labda wameridhika," akajibu Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya.

Mimi sikuulizwa, nikanyamaza. Niliona aibu, na bado naiona.

Miezi ikapita, jibu likaja: ombi limesomwa, na kwa kuwa wenyewe hawakuwa na la kuongeza, limefungwa. Nilimsomea mzee. Hakunigombeza. Aliuliza tu, kwa udadisi uleule, mtu akitaka kulishtaki baraza lile aende kwa nani.

Nilipostaafu, mzee alikuwa ameshafariki. Nilinunua kuku mweupe sokoni Ruangwa, nikaenda Mtua kwa mpwa wake aliyerithi jina. Nikasimama uani. Akamtazama kuku, akanitazama mimi, kisha akampokea.

Ndipo nikakaa, nikaanza kueleza.