Jina la Baba Kwenye Televisheni

Hili jambo nimelificha miaka mingi, na wanaolijua ni watu wa ukoo wetu kule Masama, ambao nao hawalisemi mbele yangu, wananiangalia tu na kubadilisha mazungumzo. Lakini leo nitawaambia, maana naona mmeanza kunisifu eti mimi ndiye niliyeleta kompyuta ya kwanza kijijini. Ni kweli niliileta. Heri nisingeileta.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, nami nafundisha hisabati sekondari. Mwalimu mmoja wa kujitolea, Mzungu, alipomaliza muda wake aliniachia kompyuta yake ya zamani: kibodi tupu, unaichomeka kwenye televisheni, na programu unaipakia kwa kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Unachomeka waya kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti, kaseti inazunguka, na kelele zilizorekodiwa humo ndizo kompyuta inazozisoma. Ukitaka kuhifadhi kazi yako, unazirekodi kelele hizo hizo kwenye kaseti. Sauti ikizidi kidogo inakataa, ikipungua inakataa (nilitia alama kwenye swichi ya sauti kwa rangi ya kucha ya mke wangu, akaninunia wiki nzima). Na waya ukishaingia, spika ya redio inanyamaza, husikii chochote. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kabisa, ndiyo maana sina pa kujitetea.

Mwaka mmoja kabla hajafa, baba aliniita chumbani kwake, tukiwa wawili tu, akataka nimrekodi usia. Kwetu usia husemwa mbele ya wazee, lakini yeye hakuwaamini. "Wale wakishiba mbege wanakumbuka wanachotaka," alisema (mbege ni pombe yetu ya ndizi). Nikachukua kaseti ya kwaya, nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa, kama tulivyokuwa tunafanya sote, nikamrekodi upande mmoja na kuiacha izunguke hadi mwisho, upande wa pili nikaiacha kwaya. Sikuandika chochote juu yake. Nilijiambia nitakumbuka.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, akamaliza kwa dakika chache. Kihamba cha juu, yaani shamba la ukoo, alimpa kaka yangu Anaeli, mimi kitindamimba nikabaki na nyumba na migomba inayoizunguka. Halafu akafika kwa dada yetu Aikaeli, aliyerudi nyumbani na mabinti zake wawili baada ya kufukuzwa na mumewe, na ndiye aliyemwogesha na kumlisha miaka yote ya ugonjwa. Kwetu binti harithi kihamba, kila mtu anajua, ila baba akitamka kwa kinywa chake ni nani atabisha? Akatamka. Akamtaja kwa jina, akasema sehemu yote ya chini, kuanzia mfongo unaoleta maji hadi barabarani, ni yake na mabinti zake.

Baba akafa, tukamzika palepale kihambani, na wazee wakapanga kwamba siku ya kumaliza matanga ukoo wote utakaa usikilize kaseti.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Siku chache kabla, nikapata wazo la kuwaonyesha watu kwamba mtoto wa mzee si mwalimu wa chaki tu. Nikaandika programu: jina la baba linatokea kwa herufi kubwa kwenye televisheni, kisha majina ya watoto na wajukuu yanashuka moja moja. Nilihitaji kaseti ya kuihifadhi. Kaseti tupu ziko Moshi mjini, mvua inanyesha, barabara ni tope, na mimi nimechoka. Nikaikumbuka ile kaseti. "Si upande wa kwaya upo," nikajiambia. Nikaiingiza, waya tayari umechomekwa, nikabonyeza kurekodi. Tena, kwa kuwa hizi programu zina tabia ya kugoma, nikaihifadhi mara tatu mfululizo, niwe na uhakika.

Sikuusikiliza ule upande kwanza. Kuchomoa waya ni kazi ya sekunde mbili.

Siku ikafika. Watu wamejaa uani, mbege imepita, mwinjilisti ameomba, televisheni nimeiazima tena kwa jirani mwenye video, na vipaza sauti vya kanisani vimefungwa kwenye mgomba ili hata wa nyuma wamsikie mzee. Nikasimama, nimevaa suti (suti, jamani, kwenye tope), nikapakia programu yangu kimyakimya. Baada ya muda kidogo jina la baba likajitokeza. Watu wakashangilia, mashangazi wakalia, na mjomba mmoja akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma." Kichwa kikavimba. Jina la Aikaeli lilipoteremka nilimwona anajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Baba mkubwa, kaka yake baba, akagonga fimbo chini. "Haya. Sasa tumsikie mwenyewe."

"Iko hapa hapa, baba mkubwa," nikasema kwa maringo, "nageuza upande tu."

Nikageuza, nikaunganisha na vipaza sauti, nikabonyeza. Kwaya ikaanza kuimba.

Watu wakatulia. Mmoja akasema mzee alipenda sana kwaya, ametaka tuanze na wimbo. Wimbo ukaisha, ukaja wa pili. Mimi wakati huo nilishajua, lakini nimesimama pale natikisa kichwa kama mtu anayefuatisha wimbo, namwomba Mungu baba atokee kati ya sauti ya kwanza na ya pili. Nikapeleka mbele. Kwaya. Nikapeleka tena. Kwaya.

"Mwalimu," akaita baba mkubwa, "geuza ule mwingine."

"Ule ni wa kompyuta, baba mkubwa."

"Nimesema geuza."

Nikageuza. Jamani, kelele iliyotoka kwenye vile vipaza sauti! Filimbi kali, kisha mkwaruzo kama bati linaburutwa juu ya mawe, ng'ombe wakaruka zizini, watoto wakaziba masikio, na bibi mmoja akasimama akasema, "Mae! Huyo ni Mzee amekasirika!" Mara ya kwanza ikaisha, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Hakuna aliyeniambia nizime, nami sikuizima. Kisha ghafla pakawa kimya, na baba akakohoa. Sauti yake kabisa.

"...hayo ndiyo maneno yangu. Mwenye la kuuliza aniulize sasa, kesho sitajibu."

Kaseti ikaendelea kuzunguka tupu.

Nilianza kueleza, naapa kwamba nilikuwepo, kwamba mfongo, kwamba barabara, kwamba alimtaja kwa jina. Kaka Anaeli alinisikiliza hadi mwisho, hata hakupandisha sauti. "Umefuta wewe, na shahidi ni wewe?" Wazee wakateta pembeni kidogo, wakarudi na mila: sehemu ya chini ikaenda kwa Anaeli.

Jioni hiyo nilimfuata Aikaeli jikoni, nikamwambia nitamkatia kwenye migomba yangu. Alikuwa anaosha vibuyu vya mbege. Hakuniangalia.

"Sitaki cha kupewa na wewe," akasema. "Nilitaka cha baba."

Wiki iliyofuata alishuka na mabinti zake, akapanga chumba Rau, pale Moshi mjini, na hadi leo yuko huko. Kompyuta nilimpa fundi redio aivunje achukue vipuri. Nimeapa sitarekodi tena kitu juu ya kitu, wala sitaamini kaseti ambayo sijaisikiliza kwa masikio yangu, lakini kiapo changu kinamsaidia nani?

Nikienda kumsalimia ananipikia, tunaongea mambo ya watoto, na kabla sijaondoka ananiuliza swali lile lile. "Hivi alisemaje, akifika kwangu?" Nami namweleza, kuanzia mfongo hadi barabarani. Anasikiliza huku amefumba macho. Mara ya mwisho alinikatiza katikati, akaniambia taratibu kwamba mwaka jana nilimsimulia kwa maneno mengine.