Taji la Bibi wa Kiswidi

Jana mjukuu wangu aliingia na maua ya porini yaliyonyauka, na kwa harufu ile nikajikuta tena kwenye ua wa bibi wa Kiswidi, katika shamba la mkonge la mumewe Mdachi, Korogwe. Mama alikuwa yaya pale.

Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya bibi na Waswidi wenzake, ya katikati ya kiangazi cha kwao. Walisimamisha mlingoti wa mkonge, wakauvika majani na maua, wakauzunguka wakiimba. Walisema kwao siku hiyo jua halichwi. Letu lilikuwa linazama.

Bibi akanivika taji la maua, bichi, lenye kuwasha. Akaniita kwa jina la binti yake, aliyekufa kwa homa wakati wa masika.

“Huyu abaki kwangu,” akamwambia mama.

Mama akanivua lile taji polepole. “Huyu ni wangu, bibi. Wako tulimzika.”

Nyimbo zikakatika. Bibi akaketi kwenye nyasi, akafunika uso. Tukaondoka, na hatukurudi tena.

Njiani mama alilia mpaka akashindwa kutembea. Nikamuuliza kama alipigwa.

“Hapana, mwanangu. Wewe na yule mtoto mlinyonya ziwa moja. Mimi ndiye niliyemwosha alipokufa, na hakuna aliyenipa pole.”