Miche ya Alm Niliyoinywesha Mno

Nilipoanza kazi kwenye kitalu cha miti kule Spånga, nilikabidhiwa miche thelathini ya alm. Alm ni mti mkubwa wa barabarani. Mingi imekufa kwa ugonjwa, lakini hii ilikuwa ya aina inayouhimili, na baridi pia. Msimamizi alinieleza mengi kwa Kiswidi. Niliitikia kwa kichwa. Nusu yake sikuielewa, na niliona haya kuuliza.

Basi nikafanya kama bibi yangu alivyofanya na miche yake ya kahawa huko Kivu: maji asubuhi, maji jioni, mbolea kidogo kila Ijumaa. Mwezi wa tisa miti mingine ilianza kugeuka manjano. Yangu ilikuwa bado kijani kibichi, na nilijisifu kimoyomoyo.

Mama mmoja Mrundi niliyefanya kazi naye alisimama akaitazama. Akauliza ni nani anayeinywesha. Nikasema ni mimi.

"Mwanangu, miti hii inataka kulala," akasema. "Wewe unaiamsha kila asubuhi kama watoto wa shule."

Akanieleza kwamba mti unaonyweshwa hadi mwisho wa msimu hubaki na matawi laini, na baridi huyaua. Niliacha maji siku hiyo hiyo, lakini nilikuwa nimechelewa. Baridi ya kwanza ilipopiga, ncha zote zikawa nyeusi.

Msimamizi alikuwa likizo, kisha theluji ikafunika kila kitu. Miezi yote hiyo nilitembea na siri yangu. Kila nikishuka kituoni niliona mashimo yaliyokwisha kuchimbwa kando ya barabara, yakingoja miti yangu.

Mwezi wa nne nilishindwa kuificha tena. Niliandika kosa langu kwa Kiswidi, mistari mitatu iliyonichukua jioni nzima, nikampa msimamizi karatasi. Aliisoma pole pole. Akachukua kisu kidogo, akakwangua gome la mche wa kwanza.

Chini yake palikuwa kijani.

Akakwangua wa pili, wa tatu, hadi mwisho wa mstari. Mmoja tu ulikuwa umekauka. Akasema tutakata ncha nyeusi, nyingine zitachipua chini yake.

Nikakaa juu ya ndoo. Mama Mrundi alicheka akasema sasa niiache iamke yenyewe.

Nilipoinuka nilimfuata msimamizi. Nikamuuliza, kwa Kiswidi changu, nianze kumwagilia lini, na niache lini.