Friji Inayolia

Jirani yangu, fundi wa redio hapa Kaaga, hupima kila kitu kwa shavu. Anaunda friji ndogo ya sola kwa kasha la plastiki na kibamba chembamba ambacho umeme hukipoza upande mmoja na kukipasha joto upande mwingine. Hukigusisha shavuni, akafumba macho, akasema, “Bado.”

Mwezi wa saba, wakati wa baridi kali hapa kwetu, alifunga waya kinyume, kasha likapata joto ndani. Nikamwambia azigeuze. Macho yake yalikuwa kwenye kiota cha kuku aliyeuawa na mbwa asubuhi ile. Akaokota mayai, kila moja akilipitisha shavuni, akayapanga ndani ya friji.

“Baridi tunayo tayari,” akasema.

Siku hizi mgeni akiuliza friji imefika wapi, humnyamazisha kwa kidole, wasikilize vifaranga.