Kikombe cha Kuongeza Damu

Mama yangu hakubali damu itoke mwilini bila kurudishwa. Kwao Bukavu, aliyetolewa damu hukorogewa nyanya ya kopo na maziwa na sukari, kisha anamalizia na sirapu ya madini ya chuma. Kwa hiyo nilipoanza sindano za testosteroni, homoni iliyonipa sauti nzito na ndevu hizi ninazojivunia kupita kiasi, na miezi michache baadaye daktari akaanza kunipima damu mara kwa mara, kikombe kile chekundu kilinisubiri kila mara mezani kwetu Molenbeek, huku ughaibuni.

"Banakumaliza damu," alinung'unika. "Kunywa yote."

Mimi ni mbishi wa kila kitu, lakini mbele ya kikombe kile nilikuwa mpole. Habari za sindano hatukuzizungumza. Alijua, na kanisani nilimsikia kwa masikio yangu akimwomba Mungu anirudishe nilivyokuwa, binti yake. Kikombe kilikuwa mazungumzo yetu yote.

Halafu daktari akapiga simu: damu yangu imekuwa nzito mno, niende tuzungumze. Mama akasikia, akavaa kitenge chake cha Jumapili, akasema anakuja. Kwenye treni ya metro nilihesabu vituo. Niliogopa kweli. Sasa amepata sababu ya kutaka dawa isimamishwe, na bila dawa ile sikujua ningeishije.

Daktari alieleza taratibu, kwa Kifaransa, ambacho mama anakielewa kuliko anavyokizungumza. Testosteroni huusukuma uboho ndani ya mifupa utengeneze chembe nyekundu kwa wingi. Zikizidi, damu inakuwa nzito, na inaweza kuganda mguuni, mapafuni, hata kichwani. Ndiyo maana ananipima, pamoja na presha na mafuta ya kwenye damu. Nilipigwa na butwaa. Kila asubuhi nilihesabu ndevu kwenye kioo, kumbe ndani ya mifupa yangu, nisipoweza kupaona, dawa ileile haikulala. Niliutazama mkono wangu kwa heshima, kana kwamba nimeletewa mgeni mkubwa.

"Unatumia kitu kingine? Chuma, labda?" daktari akauliza.

Nikamtazama mama. Mama akatazama viatu vyake. Ikabidi nieleze habari za kikombe. Daktari hakucheka, ingawa alijikaza. Akasema kikombe sicho chanzo, lakini sirapu tuiache. Atapunguza dozi, niache sigara, ninywe maji ya kutosha, kisha tupime tena.

Hapo mama akainua kichwa. Nikajiandaa kubishana.

"Weye umutafsirie," akaniambia. "Apunguze, bon, ni sawa. Lakini asikukatazie yote."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilimuomba Mungu akurudishe vile ulikuwaka," akasema. "Akanyamaza. Miye nikaona unacheka, unakula, unaimba ukioga mu douche. Alors nikaanza kukupatia kile kikombe, juu ile dawa isikushinde."

Miezi yote ile nilikunywa nikidhani namvumilia. Kumbe mwanamke huyu, akiwa bado na machozi ya maombi yake, alikuwa ananitia nguvu niihimili dawa yangu. Nilimstaajabia kuliko mifupa yangu. Daktari alisubiri tafsiri, nami nikaitoa vipande vipande, sauti yangu mpya ikikatika kama ya zamani.

Tulipofika nyumbani mama aliosha kikombe kile, akakijaza maji ya bomba, akakiweka mbele yangu.

"Kunywa yote," akasema.